Mtoto wa Watu Akiingia Nyumbani Mwenu



Tuseme afisa wa watoto amewaomba mumlee msichana wa miaka 13, nanyi mkakubali. Mmempa kitanda na sare ya shule. Mwezi wa pili, mama akigeuza godoro anakuta vipande vya chapati vilivyokauka. Baba anakasirika: "Kwani hapa kuna njaa?" Usiku mnabishana chumbani. Asubuhi mnakuta nguo zake zimefungwa mfukoni, tayari kwa safari.

Huyo si mwizi, wala hakosi shukrani. Mtoto aliyewahi kulala njaa, kupigwa, au kuhamishwa nyumba hata nyumba, mwili wake umejifunza kukesha. Sauti ikipanda kidogo, moyo humwenda mbio kabla hajaelewa kilichosemwa. Ndiyo maana mmoja hunyamaza akiulizwa, mwingine hutukana, na mwingine hukojoa kitandani ingawa ni mkubwa. Ukimchapa, unamthibitishia kwamba hakukosea kuwaogopa watu wazima.

Wekeni ndizi mezani, mumwambie achukue bila kuomba. Msimvizie. Akizoea kwamba chakula kipo kila siku, hatakuwa na haja ya kuficha.

Je, mtoto wa namna hii aweza kupona? Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wapatao 700 waliozaliwa mwaka 1955, mpaka wakawa watu wazima. Wengi wao walikulia katika umaskini, ugomvi wa nyumbani au wazazi wagonjwa wa akili. Hata hivyo, kama theluthi moja ya waliokuwa hatarini zaidi walikua vizuri. Mara nyingi walikuwa wamepata mtu mzima mmoja asiyewaacha: nyanya, shangazi, au mwalimu. Na wengi wa wale waliovurugika katika ujana walijirekebisha baadaye, wengine kwa msaada wa ndoa tulivu au jumuiya ya waamini. Kwa hiyo msikate tamaa mwaka wa kwanza!

Hapa ndipo ndoa yenu inapopimwa. Mara nyingi mtoto humshika mmoja wenu kwanza. Baba, ukiona anamkimbilia mama na kukukwepa wewe, usione umedharauliwa. Pengine aliyemuumiza alikuwa mwanamume. Mama naye asiufurahie upendeleo huo akawa wakili wake dhidi ya mumewe. Pataneni faraghani juu ya saa za kulala, kazi za nyumbani na adhabu, kisha mseme neno moja. Na maneno "nitakurudisha ulikotoka" yasitamkwe kamwe, hata kwa mzaha. Kwa mtoto aliyekwisha kuhamishwa mara mbili, hiyo ndiyo habari anayoingojea kila siku.

Jambo jingine huwauma wengi. Malezi haya, yanayotambuliwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, si sawa na kumfanya mtoto wenu kabisa. Ikiwezekana, atarudi kwa jamaa zake. Mwacheni basi amtaje mama yake. Hata kama alikuwa mlevi, msimseme vibaya mbele ya binti yake; anamlilia.

Akiota vitisho kila usiku, akijikata mwili, au akisema afadhali afe, msingoje apoe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mwende wote wawili, na afisa wa watoto ajulishwe. Njiani mwambieni mapema mnakwenda wapi, na kwamba mnataka arudi nanyi nyumbani.