Mkanda wa Injini ya Gari la Shamba na Alama Zake

Mkulima aliye na gari la kuchukulia mazao hutazama magurudumu yake, hutia mafuta, tena huongeza maji katika rejeta. Lakini mbele ya injini, nyuma ya kifuniko, umo mkanda wa mpira wenye meno asiouona kamwe. Nao ukikatika njiani, hupoteza injini na mazao kwa siku moja. Nitaeleza namna ya kuubadili, nikichukua mfano wa injini za diseli za Toyota ziitwazo 2L na 3L, maana ndizo zilizomo katika Hilux nyingi za zamani. Injini za namna nyingine zina alama zake zenyewe, na kila moja yapasa ifuatwe kwa kitabu chake.

Kwanza ufahamu kazi ya mkanda huu. Chini ya injini upo mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, ndio krenkishafti. Juu upo mhimili mwembamba ufunguao valvu, ndio kamshafti. Wa chini ukizunguka mara mbili, wa juu huzunguka mara moja tu, na pampu ya diseli vivyo hivyo. Umewaona watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule hushuka, wala haigusani. Mmoja akichelewa, michi hugongana. Ndivyo zilivyo pistoni na valvu. Injini hizi huishindilia hewa kiasi cha mara 22, kwa hiyo pistoni ifikapo juu haiachi nafasi kwa valvu iliyo wazi. Mkanda ukikatika, valvu hugongwa zikaharibika.

Toyota iliagiza mkanda huu ubadiliwe kila kilomita 100,000. Ikiwa ulinunua gari lililokwisha kutumika, nawe hujui mkanda ulifungwa lini, usingoje. Ubadili kabla ya mavuno.

Ondoa waya wa betri, kisha vitu vya mbele mpaka kifuniko kitoke. Zungusha krenkishafti kwa spana, kwa upande wa mishale ya saa, hata pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa na alama za magurudumu ya meno zielekee alama zilizo kando yake. Ikiwa alama ya chini imefika na ya kamshafti haipo mahali pake, zungusha tena mara moja kamili. Yafaa kutia rangi nyeupe kidogo juu ya kila alama, maana uchafu huzificha.

Legeza puli ya kukazia, utoe mkanda wa zamani. Hapa jihadhari sana. Springi za valvu na za pampu zaweza kulisukuma gurudumu likatoka katika alama yake. Lirudishe polepole kwa njia ile ile fupi, wala usizungushe mhimili wo wote mzunguko mzima wakati mkanda haupo. Tazama pia kama mafuta yanavuja nyuma ya magurudumu hayo. Sili mbovu huulowesha mkanda mpya na kuuharibu kabla ya wakati wake. Puli ya kukazia, ikiwa beringi yake inalia, nayo ibadiliwe.

Vika mkanda mpya bila kuukunja wala kuupaka kitu. Upande wa kuvuta uwe umenyooka, na ulegevu wote ubaki upande wa puli ya kukazia. Iachie puli hiyo isukumwe na springi yake. Sasa zungusha krenkishafti kwa mkono, kwa spana, mara mbili kamili, usitumie stata. Mkono ukikutana na kitu kigumu, simama papo hapo, usilazimishe. Baada ya mizunguko miwili alama zote tatu zapaswa kurudi mahali pake. Zikirudi, kaza boliti za puli. Zisiporudi, hata kwa jino moja, toa mkanda uanze upya.

Mizunguko hiyo miwili huchukua dakika chache, nami nalijifunza thamani yake kwa aibu. Nalikuwa na gari lililojaa makasha ya nyanya, nikamhimiza fundi afanye haraka. Yeye alitazama alama ya krenkishafti na ya pampu, wala hakuona kwamba kamshafti ilikuwa imeruka. Akawasha. Tulisikia mlio mmoja tu, kama sufuria iangukayo. Valvu zilipinda, na nyanya zikauzwa kando ya njia kwa bei ya kutupa. Sikuweza kumlaumu peke yake.

Kosa la jino moja kwenye pampu pengine halivunji kitu, lakini hujulikana. Injini ikigonga kwa ukali, diseli huenda inaingia mapema mno. Ikitoa moshi mweupe, ikawa nzito kuwaka na kukosa nguvu mlimani, huenda inachelewa. Usiendelee kupakia mizigo. Fungua kifuniko utazame alama tena.

Kazi ikiisha, andika kwa rangi juu ya kifuniko tarehe na kilomita zilizosomwa siku ile, ili atakayelinunua gari baada yako naye ajue.