Joto la Vifaranga wa Siku Moja

Kifaranga aliyetotolewa leo anaweza kukaa siku 2 hivi bila kula wala kunywa, kwa kuwa kiini cha yai alichokivuta tumboni kabla ya kutoka bado kinamlisha. Baridi ndiyo asiyoiweza. Amevikwa malaika tu, na mwili wake haujaweza kujitengenezea joto la kutosha.

Kwa hiyo pasha bruda, yaani mahali pa kuwalelea (wengine huiita kinengunengu), saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, hadi maranda ya chini yenyewe yawe na joto. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Baada ya hapo punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa nguvu, wanaona baridi, na walio chini watabanwa hadi kufa. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi na mabawa yameshuka, joto limezidi. Wote wakijibanza upande mmoja, kuna upepo unaopenya. Tafuta tundu uzibe. Waliotosheka hutawanyika, hawa wanadonoa, wale wamelala. Amka uwatazame saa nane usiku pia, maana ndipo mkaa huzimika bila mtu kujua.

Kama unatumia jiko au chungu cha mkaa, acha nafasi hewa itoke juu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua vifaranga na watu vilevile. Tafadhali usilale chumba chenye mkaa huo.

Wakifika, wape maji kwanza, safi na ya vuguvugu, katika chombo kifupi chenye kokoto wasije wakazama. Chakula kifuate. Jioni papasa kifuko cha chakula chini ya shingo kwa vifaranga wachache: kilichojaa na kuwa laini ni dalili njema, kigumu maana yake maji hayajatosha, kitupu hawajakiona chakula. Kinyesi kikimganda kifaranga nyuma, kiloanishe kwa maji ya vuguvugu. Ukikibandua kikavu utamchuna.

Baada ya joto, maji na chakula, fikiria chanjo. Ugonjwa wa mdondo, yaani kideri, hauna tiba. Chanjo yake ya I-2 hutolewa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Ratiba ya chanjo ya ugonjwa wa Gumboro muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Chanjo ya ugonjwa wa Mareki muulize anayekuuzia, kabla hujalipa, kwa sababu hutolewa siku ileile ya kutotolewa.