Mfereji na Figo: Kukamilisha Mfano Pungufu

Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani, wilayani Lushoto, tulikaa nyuma ya darasa la saba tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha kazi za figo. Somo lilikwenda vizuri hadi mtoto mmoja aliposimama na kuuliza: "Mwalimu, bibi yangu anameza dawa ya moyo inayotanua mishipa. Je, inazisaidia figo?" Mwanachuo akajibu: "Ndiyo. Mfereji ukipanuliwa, shamba hupata maji mengi." Mtoto akafikiri kidogo, kisha akasema: "Basi akimeza vidonge viwili badala ya kimoja itakuwa bora zaidi."

Kosa halikuwa la mtoto. Alifuata sawasawa mfano aliopewa, nao mfano ulikuwa pungufu. Neno la mwalimu hufika nyumbani kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo hatuna budi kuukamilisha mfano huo.

Maarifa ya mwalimu

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika. Karibu lita moja kati ya hizo huenda kwenye figo. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja, figo zote mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji. Karibu yote hurudi kwenye damu, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo.

Kila kichujio kina mshipa mdogo wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Tukifananishe na kitalu cha kabichi kilichoko mteremkoni, chenye mlango wa maji juu na mwingine chini. Maji huzama ardhini kwa sababu yametuama kwa kina fulani. Tukifungua zaidi mlango wa chini, maji mengi zaidi yatapita kitaluni, lakini kina kitapungua, na yatakayozama yatakuwa machache. Hapa ndipo kiini cha somo: damu inayopita katika figo ni jambo moja, na kiasi kinachochujwa ni jambo jingine.

Dawa za kutanua mishipa nazo hazifanani. Hidralazini hutanua ateri ndogo. Nitrogliserini hutanua zaidi vena, hivyo hupunguza damu inayorudi moyoni. Kaptoprili na enalaprili hulegeza hasa ule mlango wa kutokea. Moyo unapodhoofika, mwili hubana mishipa ili shinikizo la damu lisianguke, na figo hupata damu kidogo. Dawa ikiilegeza mishipa hiyo, moyo hupunguziwa mzigo, na mara nyingi figo hupata damu zaidi. Lakini shinikizo likishuka mno, figo hukosa damu. Hatari huzidi mgonjwa anapopungukiwa maji kwa kuhara au kutapika: mfereji mkuu umepungua, na mlango wa chini uko wazi.

Vifaa

Kopo la plastiki, sindano, bua lenye uwazi la jani la boga, ndoo, jagi la maji na bakuli.

Hatua za somo

1. Wanafunzi waeleze jinsi maji yanavyogawanywa mashambani kwao: nani hufungua mfereji, na nini hutokea watu wote wakifungua kwa pamoja.

2. Toboa matundu madogo kwenye kitako cha kopo. Haya ni kichujio. Toboa ubavuni, karibu na kitako, uchomeke bua. Huu ni mlango wa kutokea. Elekeza bua ndooni, na weka bakuli chini ya kopo.

3. Mimina maji taratibu bila kubadili kasi, huku mwanafunzi akiziba nusu ya bua kwa kidole. Wengine wahesabu matone ya chini.

4. Aondoe kidole. Kina kitashuka na matone yatapungua, ingawa maji yanayopita kwenye bua yameongezeka.

5. Bua likiwa wazi, punguza maji unayomimina. Matone yatakaribia kukoma. Waulize kwa nini, nawe usiwatangulie kujibu.

Mpaka wa mfano

Waambie wazi kwamba kopo si figo. Figo hai hubana na kulegeza milango yake yenyewe, na hivyo hustahimili mabadiliko mengi ya shinikizo. Aidha, dawa hizohizo zikitumiwa kwa kipimo sahihi huwasaidia wengi kwa miaka mingi, kwa kuwa shinikizo kubwa huharibu vichujio kama maji ya kasi yanavyomomonyoa matuta yetu.

Tathmini

Uliza: "Kwa nini vidonge viwili si lazima viwe bora kuliko kimoja?" Jibu linalotosheleza litataja mtanuko na shinikizo pia.

Mwalimu si mganga. Asimwambie mtu aongeze, apunguze wala aache dawa, na awaonye watoto kwamba dawa ya mtu haiazimwi. Mgonjwa anayetumia dawa hizi akihara au kutapika, apelekwe zahanati mapema. Mwanachuo wetu alirudia somo siku ya pili kwa kopo na bua. Yule mtoto ndiye aliyehesabu matone, na yalipokaribia kukoma alisema mwenyewe: "Kumbe bibi asiongeze."