Ramani za Kidijitali Makumbushoni: Mafunzo Niliyopata

Kwa miaka kadhaa nimewaongoza wanafunzi ndani ya Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, na katika mitaa ya Mji wa Kale, simu zenye ramani mkononi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kitu kitangulie, ramani ifuate. Ngomeni mna vyombo vya kauri kutoka China vilivyofukuliwa katika mji wa kale wa Gede. Mwanafunzi akisoma maelezo ya kabatini pekee, husahau upesi. Akiitafuta Gede kwenye picha ya setilaiti, huona magofu msituni, hori la Mida jirani, kisha Bahari ya Hindi. Hapo huuliza mwenyewe: sahani hizi zilipita wapi? Swali hilo ndilo somo.

2. Tarehe ipewe mahali. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilikuja kuiokoa ngome iliyozingirwa na Waomani, ikazama mbele yake mwaka 1697. Wanafunzi huweka alama ilipozama, kisha hupanda ukutani kuyatazama maji yenyewe. Hushangaa jinsi msaada ulivyokaribia, na bado ngome ikatekwa Desemba 1698.

3. Pakua ramani mapema. Si kila mtoto ana bando, na ramani za OpenStreetMap hutumika hata bila intaneti. Tena, kuta ndefu za vichochoro huzuia mawimbi ya setilaiti, alama ya mahali ulipo ikaonesha mtaa mwingine. Wafundishe kujua walipo kwa kuangalia Msikiti wa Mandhry na barabara ya Ndia Kuu.

4. Waulize wazee. Picha ya angani haina majina. Nani alichimba kisima, mtaa uliitwaje zamani: hayo yamo vinywani mwa wenyeji. Salamu njema na subira huzaa data ambayo hakuna mtambo utakaoileta.

5. Si kila mahali pa kuanikwa. Baadhi ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zimo katika Urithi wa Dunia tangu 2008, lakini makaburi na mahali pa fingo, hirizi ya ulinzi iliyozikwa, yana miiko. Wazee wa kaya wakikataa, alama isiwekwe.

Mwalimu, simu moja kwa kundi zima yatosha kuanza. Nanyi wahifadhi wa makumbusho yetu, nawaomba: kando ya kila kitu andikeni hasa mahali kilipopatikana. Pasipo hilo, ramani haina pa kuanzia.