Soketi Yenye Joto Ukutani

Mkulima wa Chawia mwenye stima nyumbani huitumikisha soketi moja kwa mengi: asubuhi birika, jioni pasi, usiku taa ya kuwapasha vifaranga joto. Ukiigusa na kuona ina joto, au ukiona weusi kando ya matundu, au ukisikia mlio kama wa kukaanga, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Mara nyingi skrubu ya nyuma imelegea. Waya usioshikwa sawasawa hupata moto mahali pale, plastiki huungua, na nyumba yaweza kushika moto watu wamelala.

Kifaa kikikataa kuwaka tu, kijaribu kwanza katika soketi nyingine. Kikikataa huko pia, tazama fyuzi ya plagi. Iliyokatika hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kile kile, si kwa kipande cha waya.

Ikiwa soketi ndiyo mbovu, ijaribu kalamu ya kupimia katika soketi nzima uone inawaka. Kisha zima swichi kubwa iliyo karibu na mita, na waambie watu wa nyumbani wasiiguse. Mwenye inveta ya sola aizime nayo. Wako watu wanaofungua soketi kwa kuwa tokeni zimekwisha au stima imepotea mtaa mzima. Huko ni kucheza na kifo: mtoto akiingiza tokeni, volti 240 zimo mkononi mwako.

Fungua skrubu mbili za mbele, vuta polepole, upime tena kabla ya kugusa waya. Tazama herufi za nyuma. L hupokea waya wa kahawia (mwekundu katika nyumba za zamani), N wa buluu (zamani mweusi), na E wa kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme uliotoroka. Waya huu wa E usiuache ukining'inia. Ni kweli soketi hufanya kazi bila huo, lakini siku pasi itakapoharibika ndani, chuma chake kitamrusha anayeishika.

Ukikuta ganda la waya limeungua, au E haipo, au ukuta una maji (na ukungu wetu wa vilimani waujua), usiendelee. Acha stima ikiwa imezimwa, umwite fundi mwenye leseni ya EPRA.

Kama waya ni nzima, nunua soketi ya ampea 13 yenye alama ya KEBS. Hiyo hubeba kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,200 kwa pamoja zimeizidi. Kaza kila skrubu, vuta kila waya kidogo uone haitoki, rudisha kifuniko ndipo uwashe. Chemsha birika moja, kisha iguse soketi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ina joto tena, zima ile swichi kubwa na umwite fundi.