Guta la umeme likidai betri imekufa, pima kwanza

Juzi mkulima mmoja hapa Idodi alitaka kuuza mpunga wake wa akiba anunue betri mpya, maana guta lake la umeme lilikuwa linazima njiani. Nikamwambia, ngoja kwanza, tupime.

Betri yake ya lithiamu ina seli 16 za volti 3.2, jumla volti 51.2. Ndani yake kuna ubao wa ulinzi unaosoma volti za kila seli kupitia nyaya nyembamba. Seli moja ikisomeka chini sana, ubao unakata umeme. Ila mtikisiko na vumbi vinaweza kulegeza nyaya hizo, ubao ukasoma uongo.

Fanya hivi ukiwa na fundi:

1. Zima guta, vua pete na saa.
2. Andika volti za kila seli zinazoonekana kwenye programu ya simu.
3. Pima seli zilezile kwa maltimita.
4. Vipimo vikilingana na seli iko chini, huenda seli ndiyo mbovu. Visipolingana, kagua nyaya, soketi na ubao.

Kwake, seli mbili zinazofuatana zilisomeka 2.7 na 3.9. Maltimita ikaonyesha 3.3 kila moja. Jumla ni ileile, 6.6! Waya wa katikati yao ulikuwa umelegea. Fundi akaukaza, mpunga ukabaki ghalani.

Angalizo: usikubali fundi auruke ubao wa ulinzi ili guta liwake tu. Lithiamu ikizidiwa inaweza kushika moto.