SOMO LA AFYA: Magoti ya Mkulima na Vidonge vya Glukosamini

Kazi ya mpunga katika Bonde la Kilombero ni ya kuinama: kupandikiza, kupalilia, kuvuna. Wazee wengi huja kulalamikia magoti, nasi tunaulizwa: je, parokia iwanunulie vidonge vya glukosamini?

Glukosamini imo mwilini, katika gegedu linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Vidonge vingi hutengenezwa kwa magamba ya kaa na kamba wa baharini. Mwaka 2006, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 1,583 wa magoti ulionyesha kwamba, kwa ujumla, vidonge hivyo havikupunguza maumivu kuliko vidonge visivyo na dawa. Tena, anayedhuriwa na kaa au kamba ajihadhari, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kutokwa damu.

Yanayosaidia ni haya:

1. Mazoezi ya kila siku ya kuimarisha misuli ya mapaja.
2. Aliyenenepa apunguze uzito. Kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua.
3. Mkongojo, ushikwe mkono wa upande usiouma.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto pamoja na homa, mgonjwa apelekwe Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, bila kuchelewa.

Kwa hiyo tunashauri fedha za vidonge ziwe nauli za wagonjwa na mikongojo.

Swali la kujadili: Katika jumuiya yenu, ni nani ameacha kwenda shambani kwa sababu ya magoti, na nani amemtembelea?